Habari za Maehata Hideko, Mwogeleaji wa Japani

Jioni hii twataka kuwasimulia habari za mwanamke mmoja wa nchi ya Japani, jina lake Maehata Hideko. Kwa desturi ya nchi ile jina la ukoo hutangulia, na jina la mtu mwenyewe hufuata. Basi Maehata ni jina la ukoo wake, na Hideko ndilo alilopewa na wazazi wake. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza wa Japani kupata nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki, nayo aliipata kwa kuogelea.

Labda mtu atauliza, Kuogelea kuna faida gani kwetu sisi? Swali hilo ni la haki, hasa hapa Digodigo. Sisi tukaao katika bonde hili la Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi, maji yetu hutoka katika chemchemi na vijito, nasi huyaongoza kwa mifereji mpaka mashambani, na wazee huyagawa kwa zamu. Maji ya mfereji humfikia mtu vifundoni, au magotini yakizidi sana. Na mtu akishuka upande wa mashariki mpaka Ziwa Natron, ataona maji mengi kweli, lakini ni maji ya magadi, wala hayafai kuogelea. Kwa hiyo watoto wetu wengi hukua bila kujua kuogelea, nasi hatuwalaumu. Lakini habari tuliyo nayo si ya maji peke yake. Ni habari ya msichana aliyekuwa wa pili, akadhani kwamba kazi yake imekwisha, na ya watu waliomwambia kwamba haijaisha. Habari ya namna hiyo yatuhusu sana, kama mtakavyoona.

Maehata alizaliwa tarehe 20 Mei, 1914, katika mji mdogo wa Hashimoto, mkoa wa Wakayama. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Kazi yao ilikuwa kutengeneza na kuuza tofu, nacho ni chakula cheupe, laini kama maziwa yaliyoganda, kifanywacho kwa maharage ya soya. Karibu na mji ule hupita mto uitwao Kino, na ndimo mtoto yule alimojifunza kuogelea. Alizoea kuogelea kwa namna ile ya kulaza kifua juu ya maji, mikono ikitanuka pamoja, na miguu ikipiga pamoja kama ya chura. Ukimtazama mtu aogeleaye hivyo utadhani ni kazi nyepesi, lakini waogeleaji wenyewe husema kwamba namna hiyo ni ya polepole kuliko nyingine zote, na kila kosa dogo la mkono au la mguu humrudisha mtu nyuma.

Alipokuwa bado mwanafunzi wa shule ya watoto, walimu wake waliona kwamba ana kipawa. Akaanza kushindana na wenzake, akawapita. Akashindana na waliomzidi umri, akawapita na hao pia. Hata mwaka 1929, akiwa na miaka 15, alivuka bahari kwa meli mpaka visiwa vya Hawaii, kushindana na waogeleaji wa nchi nyingine. Huko alikuwa wa kwanza katika mita 100, na wa pili katika mita 200. Fikirini, mtoto wa wauza tofu wa mji mdogo, aliyejifunzia mtoni, amerudi kwao na ushindi kutoka ng'ambo ya bahari.

Hapo ndipo njia yake ilipokuwa karibu kukatika. Siku zile, katika Japani kama katika nchi nyingi, watu wengi waliona kwamba msichana wa jamaa maskini akiisha kujua kusoma na kuandika imetosha. Kilichobaki ni kumsaidia mama yake kazi, na kungoja kuolewa. Lakini mkuu wa shule ya wasichana ya Sugiyama, katika mji wa Nagoya, alikuwa amesikia habari zake, akamkaribisha shuleni kwake apate kusoma na kuogelea pamoja. Wazazi wakakubali. Wasikilizaji wetu, twawaomba mlishike neno hili, maana tutalirudia: mkuu yule hakumpelekea mtoto sifa tu, alimpa mahali pa kusomea, na mahali pa kuogelea, na nafasi ya kufanya yote mawili.

Mwaka 1931 msiba mkubwa ulimpata. Mwezi wa Januari mama yake alikufa kwa ugonjwa wa kupasuka mshipa wa damu katika ubongo. Na mwezi wa Juni wa mwaka uo huo baba yake naye akafa kwa ugonjwa ule ule. Hivyo katika muda wa nusu mwaka, akiwa na umri wa miaka 17, Maehata alikuwa yatima wa baba na mama. Wapo miongoni mwenu mnaoijua hali hiyo, wala hamhitaji kuelezwa na sisi. Hata hivyo hakuacha shule, wala hakuacha mazoezi.

Mwaka uliofuata, yaani 1932, alichaguliwa kwenda Los Angeles, katika Marekani, kwenye Michezo ya Olimpiki. Kabla yake mwanamke mmoja tu wa Japani alikuwa amepata nishani katika michezo hiyo, naye ni Hitomi Kinue, aliyekuwa wa pili katika mbio za mita 800 mwaka 1928 kule Amsterdam. Maehata aliingia katika mita 200, akaogelea kwa nguvu zake zote, akafika kwa dakika 3 na sekunde 6 na sehemu 4 za kumi za sekunde. Lakini msichana wa Australia, jina lake Clare Dennis, alikuwa amegusa ukuta kwa dakika 3 na sekunde 6 na sehemu 3 za kumi. Tofauti yao ilikuwa sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Enyi wanafunzi mnaosikiliza, chukueni karatasi mkapige hesabu. Mtu akienda mita 200 kwa sekunde 186 na kitu, kila sekunde hupita mita moja na kidogo. Basi katika sehemu ya kumi ya sekunde hupita kadiri ya sentimita 11. Huo ni kama upana wa kiganja cha mtu mzima. Baada ya mita 200, na baada ya miaka yote ile ya kufanya mazoezi, palikuwa na upana wa kiganja kati ya msichana wa kwanza na wa pili.

Maehata alifurahi. Alikuwa na nishani ya fedha, naye aliona kwamba amewaletea heshima watu wake, na kwamba sasa aweza kupumzika. Lakini alipofika Tokyo, mkuu wa mji, Bwana Nagata Hidejiro, alimwambia kwamba amesikitika sana. Mwaka ule wanaume wa Japani walikuwa wameshinda michezo mitano ya kuogelea kati ya sita, na mzee huyo alitamani sana kuona msichana naye akipata dhahabu. Akamwuliza kwa nini hakuipata, maana ilimpita kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde; akamsihi asisahau sehemu hiyo, bali ajaribu tena katika Michezo ya Berlin, baada ya miaka minne.

Sisi tulipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza, tuliona kwamba maneno yale yalikuwa makali mno. Mtoto yatima ametoka ng'ambo na nishani, nawe wamlaumu kwa ukubwa wa kiganja! Hata sasa hatusemi kwamba kila mtoto na aambiwe hivyo, maana wako watoto ambao neno kama hilo lingewavunja. Lakini baada ya kufikiri tumeona jambo moja ndani yake. Mzee yule hakumwambia kwamba kwa msichana imetosha. Alimhesabu kuwa ni mtu awezaye kuwa wa kwanza.

Maehata alisita. Alikuwa na miaka 18, na wasichana wa umri wake walikuwa wakifikiri habari za ndoa. Barua nyingi zilimjia, za kumtaka aendelee. Katika kusita kwake alikumbuka mafundisho ya marehemu mama yake, kwamba mtu akianza jambo yampasa alifikishe mwisho wake. Basi akaamua kuendelea. Tangu hapo alifanya mazoezi makali, hata ikawa siku nyingine aliogelea mita 20,000. Huo ni mwendo wa kilomita 20. Mtu mwenye afya akienda kwa miguu barabarani huumaliza kwa saa nne au tano. Sasa fikirini kuumaliza ndani ya maji. Tarehe 30 Septemba, 1933, akaogelea mita 200 kwa dakika 3 na sehemu 4 za kumi za sekunde, na wakati huo hapakuwa na mwanamke duniani aliyewahi kufanya hivyo.

Sasa twafika Berlin, tarehe 11 Agosti, 1936. Ninyi mnaotusikiliza kwa redio mtaipenda sehemu hii, maana ni habari ya redio pia. Kule Berlin ilikuwa alasiri, lakini katika Japani ilikuwa karibu saa sita ya usiku. Watu hawakulala, walikuwa wamekusanyika kwenye redio kusikiliza sauti itokayo Ulaya. Mtangazaji wao alikuwa Bwana Kasai Sansei. Kwa kuwa saa ya kufunga matangazo ilikuwa imefika, naye aliona mashindano yako tayari kuanza, aliwasihi wasikilizaji wasizime redio zao.

Wasichana wakaruka majini. Maehata alikuwa akishindana zaidi na Martha Genenger, msichana wa Kijerumani, ambaye alikuwa kwao, na watu wote wa kwao walikuwa wakimpigia kelele. Bwawa lilikuwa na urefu wa mita 50, kwa hiyo iliwapasa kulivuka mara nne. Maehata akatangulia kidogo. Genenger akamfuata karibu karibu. Na katika mvuko wa mwisho akazidi kumkaribia. Yule mtangazaji, ambaye kazi yake ilikuwa kueleza mambo kwa utaratibu, hakuweza tena kueleza. Akawa analia tu kwa sauti kuu, “Maehata, ganbare! Maehata, ganbare!” Maana ya neno hilo ni kama kusema, Jikaze, usilegee! Walioyahesabu maneno yake wasema alilirudia neno hilo zaidi ya mara 20. Kisha akaanza kulia kwamba Maehata ameshinda, ameshinda, naye akalirudia hilo nalo mara nyingi.

Ameshinda kweli. Alifika kwa dakika 3 na sekunde 3 na sehemu 6 za kumi. Genenger kwa dakika 3 na sekunde 4 na sehemu 2 za kumi. Wa tatu alikuwa mtoto wa Denmark, Inge Sørensen, mwenye umri wa miaka 12 tu. Safari hii tofauti ya wa kwanza na wa pili ilikuwa sehemu 6 za kumi za sekunde. Na ninyi wanafunzi mliopiga hesabu ile ya kwanza mwaweza kupiga na hii. Mtaona kwamba ni kama sentimita 65, yaani kadiri ya urefu wa mkono wa mtu. Kwa miaka minne ya kazi, kiganja kimoja kilichopungua kimegeuka kuwa mkono mzima uliozidi.

Lakini haifai tusimulie ushindi bila kutaja uzito wake. Msichana mmoja alikuwa amebebeshwa mabegani mwake matumaini ya taifa zima. Simu zilimfikia Berlin kutoka kwao, za kumtaka ashinde. Mtu akibebeshwa hivyo aweza kuanguka. Tuwatie moyo watoto wetu, lakini tusiwafanye wabebaji wa fahari yetu sisi.

Hapa, wasikilizaji wetu, hatuna budi kuungama jambo moja. Katika shule moja tuliyofundisha zamani palikuwa na msichana mwenye akili na bidii. Alipofanya mtihani wa kumaliza darasa la saba alikosa nafasi kwa upungufu mdogo sana wa alama. Baba yake alitujia, akaketi, akatuuliza, “Walimu, mwaonaje?” Nasi tukamjibu, “Mzee, amejitahidi. Kwa msichana si vibaya.” Tulidhani twamfariji. Yule mzee alitushukuru, akaenda zake, na kabla ya mavuno yule msichana alikuwa ameolewa. Hatukumwambia baba yake kwamba yako masomo mengine ambayo binti angeweza kuyafuata, wala hatukwenda kumwuliza binti mwenyewe anataka nini. Mkuu wa mji wa Tokyo alimwambia mtoto wa watu kwamba dhahabu imempita kwa kiganja. Sisi tuliona kiganja kile kile, tukakiita mwisho wa njia. Tangu siku ile neno hilo, “kwa msichana si vibaya,” hatulitumii tena.

Na liko jambo la pili, nalo ndilo tulilowaomba mlishike. Ni rahisi kumwambia mtoto, Jikaze! Mtangazaji alilia hivyo kutoka Berlin, nalo ni neno jema. Lakini Maehata hakushinda kwa kelele za redio, wala majini hakuweza kuisikia. Alishinda kwa sababu miaka mingi kabla ya usiku ule mkuu wa shule alimfungulia mlango, wazazi maskini wakakubali kukosa mikono yake dukani, na watu wakampa muda wa kufanya kazi yake. Katika bonde letu msichana huamka mapema, akachota maji, akatafuta kuni, akafagia, kisha ndipo aende shuleni; na jioni hurudia kazi zile zile, hali kaka yake ameketi na kitabu. Mtoto huyo ukimwambia, Jikaze! bila kumpunguzia hata ndoo moja, umempa nini? Sisi hapa twajua kugawa maji kwa zamu, ili shamba la mwisho nalo lipate. Je, hatuwezi kugawa na kazi za nyumbani kwa zamu, ili binti naye apate saa moja ya kusoma?

Sasa tumalizie habari zenyewe. Mwaka 1937 Maehata aliolewa na daktari aitwaye Hyodo Masahiko, wakakaa katika mji wa Gifu, wakapata watoto wawili wa kiume. Michezo ya Olimpiki iliyokuwa ifanyike Tokyo mwaka 1940 haikufanyika kwa sababu ya vita. Mumewe alikufa mwaka 1959. Baada ya hapo Maehata alirudi katika kazi ya kufundisha kuogelea, na mwaka 1967, katika Nagoya, akaanzisha darasa la kuogelea kwa ajili ya akina mama. Wanawake wazima, waliokwisha kuzaa na kulea, walijifunza kwake yale ambayo hawakupata nafasi ya kujifunza utotoni. Kwa maoni yetu kazi hiyo si ndogo kuliko nishani.

Mwaka 1983 ugonjwa ule ule uliowaua wazazi wake ulimpiga naye, nusu ya mwili ikalegea. Alikuwa na umri wa miaka 69, na mtu angaliweza kusema kwamba sasa imetosha. Lakini alifanya mazoezi ya kurudisha nguvu siku baada ya siku, mpaka akaweza kuingia tena majini na kuogelea. Mwaka 1990 serikali ya Japani ilimpa heshima wapewayo watu walioinua elimu na utamaduni wa nchi. Na mwaka 1992, kule Barcelona, msichana wa Japani mwenye umri wa miaka 14, Iwasaki Kyoko, alishinda dhahabu katika mita 200 zile zile na kwa namna ile ile ya kuogelea. Maehata alikuwa bado hai, akaiona siku hiyo. Alikufa tarehe 24 Februari, 1995, mwenye umri wa miaka 80.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali peke yao. Magdalena Moshi, binti wa Tanzania, aliogelea katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na tena katika ile ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Alikokwenda binti mmoja, wengine waweza kufuata, katika maji au katika masomo au katika kazi yo yote ya halali.

Basi, ninyi wazazi, mtoto wenu wa kike akirudi nyumbani na habari kwamba amekuwa wa pili, au amekosa kwa alama chache, msimkemee, wala msimwambie kwamba imetosha. Mketisheni, mkamwulize, Je, wataka kujaribu tena? Akisema ndiyo, ulizeni la pili: Sisi tukupunguzie kazi gani? Na ninyi walimu wenzetu, mzazi akija kuwauliza mwaonaje, fikirini mara mbili kabla ya kujibu, kwa maana jibu lenu huenda likafunga mlango au kuufungua.

Nanyi wasichana mnaotusikiliza, iwe mko dukani penye redio, au mmesimama nje ya nyumba ya jirani na ndoo zenu kichwani, neno letu kwenu ni lile moja la mtangazaji wa Berlin: Jikazeni. Na wazee wenu wamesikia yaliyobaki.